MWENYE GARI AMTAJE DEREVA, NA AMTAJE KWA KWELI



Liko jibu moja ambalo wenye magari wengi hulitoa siku ya pili baada ya ajali. Polisi anafika ofisini au gerejini na kuuliza: gari hili jana saa mbili za usiku lilikuwa mikononi mwa nani? Tajiri anakuna kichwa, kisha anasema, "Sijui. Madereva wangu ni wengi."

Maneno hayo ni mafupi, lakini yanawakandamiza watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyegongwa, aliyelazwa hospitali mguu ukiwa umevunjika, au aliyekwisha kuzikwa na kuacha mke na watoto. Wa pili ni dereva, kwa maana dereva asiyejulikana leo kwa kuwa tajiri anajilinda, kesho atajulikana wakati tajiri anapotaka mtu wa kubeba mzigo.

Wanachama wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya polisi na wenye magari, na kwamba sisi hayatuhusu. Sisi twasema yatuhusu sana. Chama chetu kikinyamaza juu ya jambo hili, wafanyakazi watazidi kuumia kwa pande zote mbili, wanaotembea kwa miguu na wanaoshika usukani.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya barabara ya Kenya ni ile Sura ya 403, ambayo ilianza kazi tarehe 1 Januari 1954 na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kwanza yasema na dereva. Ajali ikitokea, na mtu akaumia au mali ikaharibika, dereva lazima asimame. Akiulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza, lazima atoe jina lake na mahali anapokaa, jina la mwenye gari, na namba ya gari. Ikiwa kwa sababu yo yote hakuweza kutoa habari hizo pale pale, lazima apige ripoti kwa polisi upesi iwezekanavyo, na isipite saa 24.

Kisha sheria yamgeukia mwenye gari. Polisi akishuku kwamba aliyeendesha gari hilo amefanya kosa, anaweza kumtaka mwenyewe aseme ni nani aliyekuwa akiendesha wakati ule, na anakaa wapi. Mwenye gari akikataa au akikaa kimya, hilo ni kosa lake yeye mwenyewe, hata kama maisha yake yote hajapata kushika usukani. Njia ya kuponea ni moja tu: aihakikishie korti kwamba hakujua, na kwamba hata kama angalifanya bidii ya kuuliza na kutafuta asingaliweza kujua.

Tazameni vema hapo. Sheria haikusema kwamba mtu akitamka "sijui" mambo yamekwisha. Yamwuliza: ulitafuta? Ulimwuliza nani? Ulitazama wapi?

Kanuni hii si ngeni duniani. Uingereza iliitunga katika sheria yake ya motokaa ya mwaka 1903, sheria ile ile iliyoleta namba za magari. Kwa nini mambo hayo mawili yalizaliwa pamoja? Kwa sababu namba yaonyesha gari, lakini haionyeshi mkono ulioshika usukani. Aliyegongwa aweza kuisoma namba, au mpita njia aweza kuiandika. Jina la dereva liko kwa mwenye gari. Kwa hiyo aliyepewa ruhusa ya kuweka chombo cha hatari barabarani alipewa na wajibu wa kusema amemkabidhi nani chombo hicho.

WANAOUMIA NI WATU WETU

Katika mwaka 2021, na 2022, na 2023, kila mwaka watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Kundi kubwa kupita yote lilikuwa la watu wanaokwenda kwa miguu. Hao ni nani? Ni watu wanaotoka nyumbani alfajiri kwenda viwandani, sokoni na katika mijengo, na kurudi giza limeingia. Hawana gari wala nauli ya kila siku. Ni wafanyakazi, yaani sisi, wake zetu na watoto wetu.

Mtu kama huyo akigongwa, jamaa zake wana tumaini la fidia. Sheria nyingine, Sura ya 405, yamlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa na gari lake. Lakini bima hailipi kwa machozi. Lazima ithibitishwe kwamba gari liliendeshwa kwa uzembe, na kwamba mwenye gari anapasika kujibu kwa ajili ya aliyeliendesha. Na kesi ya namna hiyo lazima ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kupita.

Hapo ndipo neno "sijui" linapofanya kazi yake mbaya. Ni kweli kwamba korti hazidanganyiki kwa urahisi. Tangu kesi ya Barnard na Sully huko Uingereza mwaka 1931, mahakimu wamekuwa wakisema kwamba ikithibitishwa gari ni la fulani, huchukuliwa kwamba aliyeliendesha ni mtumishi au mjumbe wake, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vingine. Korti za Kenya zimefuata njia hiyo hiyo. Tena mtu ambaye jina lake limo katika logbuku huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ionyeshwe kwamba sivyo. Kwa hiyo "sijui" haifungi mlango wa korti. Lakini yachelewesha. Mwezi unapita, mwaka unapita, mashahidi wanahama, mjane anauza mbuzi wake ili apate nauli ya kwenda kwa wakili. Tajiri anajua kwamba maskini hachoki kwa kushindwa. Huchoka kwa kungojeshwa.

DEREVA ANAYEKANWA

Sasa tutazame upande wa dereva. Tuseme lori limepakia mahindi Kitale, na tajiri amemwambia dereva afike Nairobi kabla ya mapambazuko. Dereva amesema breki si nzuri. Tajiri amejibu, "Nenda tu, tutatengeneza ukirudi." Maneno hayo yamesemwa kwa simu wala hayakuandikwa po pote. Usiku, kwenye mteremko, lori linamgonga mtu.

Tajiri akiona hatari inamjia, ana njia tatu. Ya kwanza ni kusema hajui aliyeendesha. Ya pili ni kusema, "Ndiyo, namjua, lakini huyu si dereva wangu. Alilichukua gari bila ruhusa yangu." Ya tatu ni kumtaja mtu mwingine kabisa, labda tanboi, labda dereva aliyefukuzwa mwezi uliopita, ili kumficha mwanawe au kujificha mwenyewe.

Njia zote tatu humwangukia mfanyakazi. Sheria hutaka mwajiri ajibu kwa ajili ya kosa la mtumishi wake aliyekuwa katika kazi aliyotumwa. Lakini dereva akikanwa, anabaki peke yake kama mwizi wa gari. Aliyegongwa naye akishinda kesi, atakuwa ameshinda juu ya mtu asiye na shilingi. Na yule asiye na hatia aliyetajwa kwa uongo atalala seli kwa ajali ambayo hakuiona kwa macho.

Kwa sababu hiyo hatutosheki na jina tupu. Mwenye gari aseme ni nani aliyeendesha, na aseme pia: mimi ndimi niliyemtuma, kwa kazi hii, saa hii, na gari likiwa katika hali hii. Kusema nusu ya kweli ni kumwuza dereva.

"KUMTAJA MWENZETU SI USALITI?"

Wako wanachama wanaouliza: Je, chama cha wafanyakazi chawezaje kutaka dereva atajwe kwa polisi? Si kazi ya chama kumkinga mwenzetu?

Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu wazi. Kutajwa si kuhukumiwa. Jina la dereva likijulikana, dereva huyo anapata nafasi ya kusema. Anaweza kueleza habari za breki, magurudumu yaliyokwisha, mzigo uliopita kipimo, na saa alizokaa kwenye usukani bila kulala. Sheria ya Kenya yakataza mtu kuendesha gari la abiria au la biashara zaidi ya jumla ya saa nane katika saa 24. Ni wangapi kati yetu wanaopewa saa hizo nane tu? Dereva akifichwa, hadithi ya ajali husimuliwa na tajiri peke yake, na katika hadithi ya tajiri breki huwa nzima sikuzote.

Tena dereva aliyetajwa hapotezi haki zake. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 49, yampa mtu aliyekamatwa haki ya kunyamaza, haki ya kusema na wakili, na haki ya kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiangukia siku ambazo korti hazikai. Ibara ya 50 yasema mshitakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, wala asilazimishwe kutoa ushahidi wa kujitia hatiani.

Wenye magari wengine wameishika haki hiyo kama ngao yao. Husema, "Nikilazimishwa kumtaja aliyeendesha, na kumbe ni mimi mwenyewe, si mnanilazimisha kujishitaki?" Shauri hilo lilifika mbali. Watu wawili wa Uingereza walilipeleka katika Korti ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2007 majaji 15 kati ya 17 waliamua kwamba kumtaka mwenye gari aseme nani aliyeendesha hakuvunji haki ya kuhukumiwa kwa uadilifu. Walisema kwamba anayeweka gari barabarani amekwisha kukubali kanuni zake, kwa kuwa gari laweza kuleta madhara makubwa, na kwamba swali lenyewe ni dogo na lina mpaka. Korti hiyo si ya kwetu, wala uamuzi wake hautufungi. Lakini hoja yake yaeleweka hata barazani: ukitaka faida ya gari, ukubali na kuulizwa habari zake.

Kwa hiyo usaliti ni ule wa kukimbia na kumwacha mtu barabarani. Mtu aliyeachwa pale aweza kuwa mwanachama mwenzako.

DAWA NI DAFTARI

Tajiri atasema: "Mimi nina matatu kumi. Dereva wa zamu akichoka anampa mwenzake wa skwadi safari moja au mbili. Nitajuaje?" Twamjibu: usipojua, ni kwa sababu hukutaka kujua. Mbona hesabu ya jioni huijua mpaka shilingi ya mwisho? Mafuta je, hujui yaliingia lita ngapi? Mtu anayeweza kuandika fedha zilizoingia anaweza kuandika mkono uliozileta.

Uingereza wameliona jambo hili zamani. Katika sheria yao ya barabara ya mwaka 1988, kama ilivyorekebishwa mwaka 1991, kampuni iliyoshindwa kumtaja dereva haiwezi kujitetea kwa "sijui" tu. Lazima ionyeshe kwamba hapakuwa na daftari la madereva, na zaidi ya hayo, kwamba kukosa daftari hilo kulikuwa na sababu ya haki. Yaani kampuni haipati faida kwa uzembe wake yenyewe. Neno hilo ndilo tunalotaka liandikwe waziwazi katika sheria ya Kenya.

Hata bila kungoja Bunge, kanuni zilizokwisha kutungwa hapa kwetu zaelekea huko. Kanuni za matatu za mwaka 2003, ambazo polisi walianza kuzikaza Februari 2004, zilitaka picha ya dereva ibandikwe ndani ya gari. Kanuni za mwaka 2014 zilitaka kila gari la abiria liwe chini ya kampuni au Sacco yenye magari yasiyopungua 30, na wenye leseni wazifuate sheria za kazi. Nayo Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yawe ya maandishi. Kama mambo hayo yangalitimizwa, ni tajiri gani angalisema hamjui dereva wake? Neno "sijui" lazaliwa na kibarua kisicho na karatasi. Dereva anayelipwa mkononi kila jioni, asiye na barua ya kazi, ni rahisi kukanwa asubuhi.

Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu wa pikipiki. Mtu mmoja ananunua pikipiki tano, anawapa vijana watano, kila jioni analetewa fedha zake. Kijana akiugua anampa rafiki yake. Ajali ikitokea, mwenye pikipiki hajui jina wala kijiji. Huyo naye ni mwenye gari mbele ya sheria, na wajibu ni ule ule.

Twataka basi kila mwenye gari la biashara awe na daftari la zamu, na ndani yake yaandikwe mambo haya: tarehe na namba ya gari, jina la dereva na namba ya leseni yake, saa aliyolipokea na saa aliyolirudisha, jina la aliyemtuma na safari yenyewe, ubovu wo wote ambao dereva ameutaja kabla ya kuondoka. Dereva atie sahihi, na mwenye gari au karani wake atie sahihi, na dereva abaki na nakala.

Daftari moja litafanya kazi tatu. Aliyegongwa atajua wa kumdai. Dereva atakuwa na ushahidi kwamba alitumwa, na kwamba alisema habari za breki. Na mkaguzi wa kazi ataona saa zilizopita nane. Ndiyo sababu matajiri wengine hawalipendi. Gharama yake haifiki hata bei ya taa moja ya nyuma.

MWANACHAMA AFANYE NINI

Tukingoja tajiri alete daftari, yako mambo ambayo kila dereva aweza kuyafanya tangu leo.

1. Usiondoke na gari la mtu bila alama ya maandishi. Kama hakuna daftari, mpelekee tajiri ujumbe wa simu: "Nimepokea gari namba fulani, saa fulani, naelekea mahali fulani." Usiufute.

2. Ukiona ubovu, uandike katika ujumbe huo huo. Ubovu uliosemwa kwa mdomo hauna shahidi.

3. Usimpe mwenzako usukani bila kumjulisha mwenye gari. Ukifanya hivyo kwa siri, jina litakalotajwa ni lako.

4. Ajali ikitokea, simama. Kama watu wamekasirika na unaogopa kupigwa, kimbilia stesheni ya polisi iliyo karibu, usikimbilie nyumbani. Aliyekwenda polisi ameripoti. Aliyekwenda kijijini ametoroka.

5. Usikubali kuitwa dereva wa ajali ambayo hukuiendesha, hata ukiahidiwa fedha au kazi ya kudumu. Kumdanganya polisi ni kosa jingine la jinai. Tena kusababisha kifo kwa uendeshaji mbaya kwaweza kumfunga mtu hadi miaka kumi, na miaka hiyo tajiri hatakusaidia kuikaa.

6. Ukikamatwa, taja jina lako, omba wakili, na ulete habari katika ofisi ya chama siku hiyo hiyo.

Na kwa wale wetu ambao si madereva: ukiona ajali, andika namba ya gari. Wakati wa kuchukua ile karatasi ya polisi iitwayo abstrakti, hakikisha yametajwa majina yote mawili, la mwenye gari na la dereva. Pakiwa na nafasi tupu, uliza mwenye gari ameulizwa lini, na amejibu nini.

Wasimamizi wa matawi nao wana kazi yao. Daftari la zamu liingizwe katika madai ya mapatano ya pamoja na waajiri, lisimame pamoja na mshahara, likizo na saa za kazi. Tajiri akisema kwamba daftari ni mambo ya polisi, mwambieni kwamba saa za kazi, jina la mfanyakazi na hali ya chombo anachokitumia ni mambo ya kazi tangu zamani.

Hatuwaombei madereva wetu ruhusa ya kukosa. Mwenye kosa ajibu kosa lake. Tunalolikataa ni mtu mmoja kula faida ya gari mchana, na usiku wa ajali kudai kwamba gari lilijiendesha. Aliyetuma ajulikane, aliyetumwa ajulikane, na aliyeumia apate haki yake.

Daftari lidaiwe katika kila gereji, kila steji na kila Sacco.

UMOJA NI NGUVU.